Daftari la Sukari Chumbani Mwetu

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu. Mmoja akiingia kuoga, mwenzie anachungulia meseji: nani kapiga, nani kaandika, mbona saa sita usiku. Nyumbani kwetu simu hazina shida. Zinalala mezani, hazina hata namba ya siri. Kilichotugombanisha sisi ni daftari. Tena si la madeni wala la siri za mapenzi. Ni daftari la sukari.

Msomaji, kama wewe au mwenzi wako ana kisukari, najua umeshatabasamu. Kama hamna, usifunue ukurasa kwanza. Ninachotaka kusema kinamhusu yeyote anayeishi na mtu mwenye ugonjwa usioisha, iwe presha, pumu, selimundu au chochote. Swali langu ni hili: afya ya mwenzi wako ni yako kiasi gani? Una haki ya kuisoma? Na ukishaisoma, una haki ya kuikasirikia?

Mgeni kiunoni

Nina kisukari aina ya kwanza tangu 2009. Nilikuwa na miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni, Dar es Salaam. Aina hii haiji kwa kupenda soda wala kwa unene. Kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Zikishaisha, insulini lazima itoke nje, kila siku, maisha yote. Nilijichoma sindano miaka minane, nne au tano kwa siku.

Mwaka 2014 nikahamia Uingereza kikazi. Mimi ni mhasibu, naishi Leicester, mji ambao muhogo na unga wa ugali unavipata dukani bila kuhangaika. Mwaka 2017 nikapewa pampu. Mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2008 uliruhusu mtu mzima mwenye aina ya kwanza apewe pampu kama sindano nyingi zimeshindwa kushusha kipimo cha HbA1c chini ya asilimia 8.5, au kama majaribio ya kuishusha yanamletea sukari kuanguka vibaya. HbA1c ndiyo inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Yangu ilisoma 8.9. Nikapita.

Kwa ambaye hajaiona, pampu yangu ilikuwa kama kisimu kidogo cha zamani, na mrija mwembamba unaoishia kwenye kijibomba laini chini ya ngozi ya tumbo. Kijibomba hicho kinabadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Usiku na mchana inadondosha insulini kidogo kidogo, hiyo ndiyo dozi ya msingi. Ukitaka kula, unabonyeza na kuipa hesabu ya chakula, nayo inatoa dozi ya chakula.

Watu wakiiona wanasema, "Aa, basi umepona!" Sijapona. Pampu inatumia insulini ya haraka tu. Mrija ukiziba au ukichomoka, hakuna akiba mwilini, na ndani ya saa chache sukari inapanda na sumu ya ketoni inaanza kujikusanya. Kwa hiyo wenye pampu tunapima na kuandika kuliko hata tulipokuwa na sindano.

Na lile swali mnaloona aibu kuuliza nalijibu hapa hapa. Ndiyo, faragha inawezekana. Inachomolewa, inawekwa pembeni, ila isizidi kama saa moja. Mume wangu, tulipooana 2018, alikuwa akiipa hodi: "Samahani mgeni, tunaomba nafasi." Gauni langu la harusi fundi alilishonea mfuko wa siri kwenye kiuno. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, fundi na bwana harusi.

Usiku wa Oktoba

Oktoba 2019, saa tisa usiku, mume wangu aliamshwa na ubaridi wa shuka. Nilikuwa nimelowa jasho. Aliniita, sikuitika. Alinitikisa, nikamwangalia kama mtu ninayemwona stendi. Sukari yangu ilikuwa 1.9. Huku tunapima kwa milimoli. Ukitaka miligramu kama zinavyosoma baadhi ya mashine, zidisha mara 18. Chini ya 4 unahesabiwa umeshuka. Kwenye 1.9 ubongo wenyewe hauna chakula.

Mtu asiyeweza kumeza hapewi soda wala asali, anaweza kupaliwa. Mume wangu alikuwa amefundishwa kliniki kutumia sindano ya glukagoni, homoni inayolifanya ini litoe sukari yake ya akiba. Akachoma pajani, akanilaza ubavu, akapiga 999. Watu wa gari la wagonjwa walipofika nilikuwa nimekaa, naomba chai. Mimi sikumbuki kitu. Yeye anakumbuka kila kitu. Ndiyo tofauti yetu mpaka leo.

Afande namba

Baada ya usiku ule alianza kusoma daftari langu.

Mwanzoni nilifurahi. Nani hapendi mume anayejali? Daftari lenyewe lilikuwa la kawaida tu, la mistari, nimelichora safu kama kitabu cha mapato na matumizi: saa, sukari kabla ya kula, chakula na gramu za wanga, yuniti za insulini, sukari saa mbili baadaye, maelezo. Nikiamka naandika. Kabla ya kulala naandika.

Kisha yakaanza maswali. Natoka bafuni, nakuta kalifungua. "Kumi na nne nukta mbili. Ulikula nini?" Narudi kazini na mvua mgongoni, hata koti sijavua. "Leo mchana hujaandika. Kwa nini?" Tuko kwa marafiki, nanyoosha mkono kuchukua sambusa, naona macho yake yanahesabu. Siku moja nilimpigia saluti mlangoni. "Shikamoo afande!" Alicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Kusema kweli, namba za sukari zina tabia moja mbaya: zinafanana na maksi za shule. Sita ni "vizuri", kumi na nne ni "umefeli". Ukishaanza kuzisoma hivyo, daftari linageuka ripoti ya muhula na mwenzi wako anageuka mzazi. Na mtoto anayeogopa ripoti hufanya nini? Anaificha. Manesi wa kisukari wanayajua haya siku nyingi. Wanaletewa madaftari yameandikwa usiku mmoja kabla ya kliniki, kalamu moja, mwandiko mmoja, namba zote saba na nane. Daftari la namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na daftari, maana daktari atapanga dozi kwa namba ambazo hazikuwahi kutokea.

Jioni moja nikamkalisha. Nikaliweka daftari katikati ya meza. "Ukiona kumi na nne," nikamwuliza, "unamwona nani?"

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Sioni kumi na nne. Naona ule usiku. Kila nikifungua ukurasa namtafuta yule mtu asiyenijua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ananikagua. Alikuwa anaogopa, na woga wa mwanaume mara nyingi hutoka mdomoni umevaa sare ya ukali. Nikamwambia na mimi ya kwangu: "Mimi naandika ili kesho nijue la kufanya. Ukinihukumu kwa ya jana, kesho nitaogopa kuandika."

Mashine haijui sababu

Utasema: si pampu ina kumbukumbu yake? Ni kweli. Inaweka kila yuniti niliyochukua na saa niliyochukua. Leo kuna sensa za mkononi zinazosoma sukari kila baada ya dakika chache, na kliniki inaona michoro yote kwenye kompyuta. Daftari la nini tena?

Daftari ni la sababu. Pampu inajua saa moja usiku nilichukua yuniti sita. Haijui ilikuwa chapati mbili za mafuta, nilizipima kwa mizani ya jikoni zikaja na wanga wa gramu 80 na kitu. Sensa inajua saa kumi jioni nilifika 13. Haijui bosi alinifokea mbele za watu, na homoni za hasira zinapandisha sukari hata kwa aliyefunga. Haijui kijibomba kilikuwa na siku ya tatu, wala kwamba hedhi inakuja keshokutwa. Mashine inaandika kilichotokea. Kwa nini kimetokea, lazima aandike mtu.

Na sisi tunaoandika tuna historia nzuri, tena historia ya ndoa. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Lakini kwa miaka mingi baadaye mgonjwa hakuweza kujipima damu nyumbani. Alipima mkojo, unaoeleza ya saa kadhaa zilizopita. Mwaka 1969 injinia mmoja Mmarekani, Richard Bernstein, mwenye aina ya kwanza tangu utotoni, aliona tangazo la mashine ya kupima sukari ya damu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na iliuzwa dola 650, tena kwa madaktari na hospitali tu. Yeye hakuwa daktari. Mke wake alikuwa daktari. Mke akaagiza.

Bernstein akajipima mara kadhaa kwa siku, akaandika, akabadilisha kitu kimoja, akapima tena. Baadaye, mtu mzima wa miaka 45, akaingia chuo cha udaktari. Alifariki 2025 akiwa na miaka 90. Wataalamu hawakukubaliana naye katika mengi, hasa chakula chake cha wanga kidogo sana, lakini kujipima nyumbani leo ni jambo la kawaida dunia nzima. Napenda kumkumbuka yule mama. Yeye alileta mashine nyumbani, mume akaandika namba zake mwenyewe.

Mwaka 1993 likaja jibu kubwa. Utafiti wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye aina ya kwanza, ulitoa matokeo yake. Kundi moja lilitibiwa kwa kawaida ya wakati ule. Lingine lilitumia pampu au sindano tatu na zaidi kwa siku, likajipima mara nne au zaidi, na kurekebisha dozi kwa kufuata namba. Kwa ambao macho yao yalikuwa bado mazima, kundi la pili lilipunguza hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Ila kundi hilohilo sukari ilianguka vibaya mara nyingi zaidi, karibu mara tatu. Faida na woga vilikuja pamoja, kama vilivyokuja nyumbani kwangu.

Safu ya mume wangu

Tukakubaliana mambo matatu. Moja, hakuna swali la namba wakati wa kula wala mlangoni. Mbili, daftari tunalisoma pamoja Jumapili jioni, na chai. Tatu, nikiwa chini ya 4 anaruhusiwa kuingilia bila hodi: gramu 15 za sukari ya haraka, kama nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida, tunasubiri dakika 15, tunapima tena.

Halafu likaja wazo ambalo sikulisoma kitabu chochote. Nilichora safu ya saba, nikaiandika juu: "Alichoona." Hiyo ikawa yake. Hakuruhusiwa kuandika namba wala maoni, alichokiona tu. Wiki ya kwanza aliandika: "Kimya sana saa kumi na moja." "Amerudia swali moja mara tatu." "Mikono baridi usingizini." "Amenifokea kwa sababu ya kijiko."

Wiki ya tatu tukiwa na chai yetu akaweka kidole kwenye karatasi. "Angalia. Jasho Jumatano alfajiri. Jasho Ijumaa alfajiri. Wiki hii, wiki ile, na ile."

Jumanne na Alhamisi jioni nilikuwa nacheza netiboli. Misuli ikishafanya kazi inaendelea kunyonya sukari usiku kucha, wakati mwingine hata saa 24, ili ijaze akiba yake. Nikifika nyumbani nasoma 7, nalala kwa amani, na saa tisa usiku nashuka. Usiku wa Oktoba nao ulikuwa wa kuamkia Jumatano. Nesi wa kliniki aliitazama safu ile kwa muda, akaniuliza nani kaandika. Akanipangia kupunguza dozi ya msingi kwa asilimia 20 usiku wa mazoezi tu. Hicho ni kiasi changu mimi, wewe chako utapewa na wanaokutibu. Netiboli sikuiacha, na jasho la alfajiri likakoma.

Sio siri, safu ile ilileta na vituko. Kila nilipokasirika alikuwa anasogeza kipima sukari taratibu. Dada zangu, naomba tukubaliane hapa: si kila hasira ya mwanamke ni sukari. Mara nyingine sukari ni 6.1 na kosa ni lako wewe uliyesahau kulipa bili. Tukaongeza kanuni ya nne: naweza kupima kwanza, lakini hata nikiwa chini, malalamiko yangu hayafutwi. Yanaahirishwa kwa dakika 15.

Harusi ya wifi

Desemba 2022 tulirudi nyumbani Dar kwa harusi ya wifi yangu. Wiki tatu. Nilibeba vifaa mara mbili ya mahitaji, na sindano za akiba, maana pampu ikifa huko hakuna wa kuniazima. Daftari la wiki zile ni kitabu kingine kabisa.

Joto la kwanza. Gundi ya kijibomba ilibanduka na jasho siku ya pili tu, Kariakoo, kwenye msongamano. Jioni nikasoma 17. Kanuni yangu ni hii: nikiwa juu ya 14 mara mbili mfululizo bila sababu, napima ketoni, najichoma kwa sindano ya kalamu, nabadilisha kijibomba, na siiamini pampu mpaka namba ishuke. Ketoni zilikuwa 0.8. Juu ya 1.5 ningewapigia wanaonitibu, na kwenye 3 ni hospitali bila mjadala. Kufika usiku nilikuwa 8. Nikaandika: "Dar Desemba, badilisha kila siku mbili, asubuhi, baada ya kukauka."

Umeme nao ulikatika. Insulini ya akiba haitaki joto kali wala barafu. Shangazi wa mume wangu hata hakushtuka. Alichukua mtungi wake wa udongo, akaulowesha nje, akaziweka chupa ndani zikiwa kwenye mfuko mkavu, akasukuma kivulini. "Sisi tumetunza vitu kabla ya hayo mafriji yenu, mwanangu."

Halafu pilau. Chakula cha harusi kilitoka saa tano usiku. Nilihesabu wanga wa wali, gramu 28 hivi kwa kila gramu 100 za wali uliopikwa, nikachukua dozi, nikacheza. Saa saba nilikuwa 5. Saa kumi alfajiri nilikuwa 15. Mafuta na nyama vinachelewesha chakula tumboni, insulini inafika mapema, sukari inakuja baadaye kama mgeni wa Dar aliyeshikwa na foleni. Kwenye sendoff nyingine wiki iliyofuata niligawa dozi: nusu wakati wa kula, nusu nyingine pampu iitoe taratibu kwa saa tatu. Niliamka na 7.8. Kwenye safu yake mume wangu aliandika: "Amecheza mpaka mwisho."

Sasa tunatafuta mtoto

Hapa ndipo penye uzito. Mama mkwe ni mtu mwema, ila kila simu ina mkia: "Na ile habari yetu, mwanangu?" Nami kila mara najibu, "Tuombeane, mama."

Asichokijua mama ni kwamba kwetu kuna namba ya kufika kwanza. Viungo vya mtoto vinajengeka wiki za mwanzo kabisa, wakati mwingine mama hata hajajua kama ana mimba, na sukari ya juu siku hizo inaongeza hatari ya mtoto kuharibika viungo au mimba kutoka. Mwongozo wa Uingereza unashauri HbA1c iwe chini ya asilimia 6.5 kabla ya kushika mimba, kama inafikika bila kuangukaanguka. Ikiwa juu ya 10 wanakwambia wazi, usibebe kwanza. Na unaanza vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5, dozi kubwa kuliko ya wanawake wengine, kwa maelekezo ya daktari, mpaka wiki ya 12.

Januari 2024 nilikuwa 7.9. Si mbaya kwa mtu wa kawaida mwenye aina ya kwanza, lakini kwa mama mtarajiwa bado. Mwaka huohuo nikabadilishiwa pampu, nikapata inayoongea na sensa na kujirekebishia dozi ya msingi yenyewe. NICE ilishauri mifumo hiyo itolewe kwa wenye aina ya kwanza Desemba 2023, wakiwemo wanaopanga mimba. Ni msaada mkubwa, usiku nalala. Lakini chakula bado lazima uiambie, na sababu bado haizijui.

Tukaongeza safu ya nane: siku ya mzunguko. Baada ya miezi mitatu ikaonekana, siku nne kabla ya hedhi sukari yangu inapanda asubuhi bila kosa la chakula. Miaka yote nilikuwa namlaumu mkate. Kliniki ikanipa mpango wa siku hizo. Kipimo kilichofuata, 7.1. Kilichofuata tena, 6.4.

Siku ya 6.4 mume wangu hakusema "hongera" kama mwalimu. Alikaa kwenye ngazi akalia. Akasema, "Sasa naogopa upya." Maana mimba yenyewe ni daftari jingine: kabla ya kula uwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kula chini ya 7.8, kila siku, na miezi ya mwanzo ndiyo sukari inayopenda kuanguka usiku. Nikamwambia basi tuandike hilo pia. Ukurasa wa siku hiyo, kwenye safu yake, umeandikwa: "Mimi naogopa. Yeye anacheka."

Kama na ninyi mnaanza

Wapenzi wasomaji, sina digrii ya udaktari. Nina madaftari 11 na ndoa moja. Kwa hivyo chukueni haya kama ya jirani.

Andika siku hiyohiyo, hata kama namba ni mbaya. Namba mbaya ya kweli ina faida kuliko namba nzuri ya kubuni. Andika sababu kwa maneno mawili tu: "pilau usiku", "nimelia", "kijibomba siku ya 3". Usipoweza kuandika kila siku ya mwaka, andika siku tatu kamili kabla ya kliniki, pamoja na wikiendi moja.

Tafuta kinachojirudia, usihangaike na siku moja. Kumi na nne ya leo inaweza kuwa ajali. Kumi na nne ya kila Jumatatu asubuhi ina jambo la kukwambia. Na ukirekebisha, rekebisha kitu kimoja kwa wakati, kwa ushauri wa wanaokutibu.

Wewe mwenye ugonjwa, mfundishe mwenzio kabla ya usiku mbaya haujaja. Glukagoni iko wapi, nani apigiwe, nini asikupe mdomoni. Usimwachie woga bila kazi ya kufanya.

Na wewe mwenza, kabla hujauliza "ulikula nini", jaribu "unahitaji nini". Omba ruhusa ya kusoma. Ukipewa, soma kama mtu anayesoma barua ya mpenzi wake. Usisome kama anayekagua mahesabu. Na kama huna safu kwenye daftari la mwenzio, mwombe akuchoree moja. Mna hakika ya kugombana mara mbili tatu juu yake, lakini kuna mambo ya mwili wake yanatokea akiwa amelala, na hayo shahidi ni wewe peke yako.